Fomu ya visa haimjui ami yako

Barua pepe ya kumnyima visa mpwa wangu haikumfikia yeye. Ilimfikia wakala mwenye duka la saiba aliyemjazia fomu, kwa sababu anwani iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya wakala huyo. Siku nne zilipita kabla ya bwana huyo kuifungua, na siku ya tano akampigia simu: "Dada, naona wamekataa." Hiyo ilikuwa Agosti 2025. Chuo alichokubaliwa huko Uingereza, nje ya London, kilikuwa kinafungua Septemba, na punguzo la karo alilopewa lilikuwa la muhula huo tu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni kwa sababu ya jina la Kiislamu. Mwengine alisema ni hijabu kwenye picha. Dada yangu, ambaye ndiye mamake, alinyamaza tu. Nikaiomba ile barua niisome mwenyewe. Sisemi kwamba ubaguzi haupo duniani, lakini barua ile ilitaja mambo mawili yaliyo wazi kabisa. La kwanza, fedha zilizoonyeshwa zilikuwa katika akaunti ya mtu ambaye si mzazi wala mlezi wa kisheria wa mwombaji. La pili, jina kwenye cheti cha shule halikulingana na jina kwenye pasipoti.

Mtu huyo ambaye "si mzazi" ni ami yake. Babake msichana huyu alifariki akiwa darasa la pili. Aliyemlipia karo tangu wakati huo, aliyemnunulia sare na vitabu na kila kanzu ya Idi, ni ami yake anayefanya kazi Muscat. Katika mila zetu na katika dini yetu, ami anaweza hata kusimama kuwa wali wake siku ya nikaha, ikiwa baba, babu na ndugu zake wa kiume hawapo. Lakini mbele ya fomu ya visa, ami ni mtu wa kando. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, ndugu msomaji, kwa sababu nimegundua kwamba vijana wetu wengi hawaangushwi na masomo. Wanaangushwa na karatasi.

Tuanze na sheria yenyewe. Mwanafunzi anayetoka Kenya kwenda kusoma Uingereza huomba visa kwa njia ya intaneti, kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Kabla ya hapo chuo humpa namba inayoitwa CAS, ambayo ndiyo uthibitisho kwamba chuo kimemkubali na kiko tayari kumsimamia. Kwa kuwa Kenya iko katika orodha ya nchi zinazotakiwa kupimwa kifua kikuu, anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6 lazima apate cheti cha kipimo hicho kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Kisha atoe alama za vidole na picha katika kituo cha maombi. Kwa wengi wetu huku Pwani, yote haya yana maana ya kupanda treni Miritini kwenda Nairobi, wakati mwengine zaidi ya mara moja.

Gharama nazo si ndogo. Ada ya visa ya mwanafunzi ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 490 hadi pauni 524. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka. Anayesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hupewa visa inayozidi mwaka kwa miezi kadhaa, kwa hivyo hulipa mwaka mmoja na nusu, yaani pauni 1,164. Tukihesabu pauni moja kwa takriban shilingi 170, hizo mbili peke yake zinakaribia shilingi 287,000. Ukinyimwa visa, ada ya afya hurudishwa. Ada ya visa hairudi.

Halafu kuna fedha za kuonyesha, na hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba ana karo ya mwaka wa kwanza iliyobaki kulipwa, pamoja na fedha za kujikimu za hadi miezi 9. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, kiwango cha kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London, na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Kwa miezi 9 nje ya London hiyo ni pauni 10,539, karibu shilingi milioni 1.8, mbali na karo.

Fedha hizo lazima zikae katika akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Tena zikae katika akaunti ya mwombaji mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi wa kisheria, au ya mume au mke wake. Kuna wafadhili rasmi kama serikali na vyuo vyenyewe, na mikopo maalumu ya wanafunzi, ila ami, mjomba, khalati na kaka mkubwa hawamo katika orodha hiyo. Anayetaka kuitwa mlezi wa kisheria aje na karatasi inayothibitisha hivyo, na barua ya kueleza tu kwamba "nimemlea tangu utotoni" haitoshi.

Sasa tazama jinsi sisi tunavyokusanya fedha. Ami anatoa laki tano kutoka Muscat. Khalati aliyeko Jeddah anatoa laki mbili. Nyanya anauza bangili. Chama cha kina mama kinachanga. Kipande cha shamba kule Kilifi kimepata mnunuzi, ambaye ameahidi kulipa baada ya mwezi. Kwa hesabu yetu mtoto tayari amekwenda. Kwa hesabu ya fomu mtoto huyo hana kitu, kwa sababu dhahabu haihesabiwi, hati ya shamba haihesabiwi, ahadi haihesabiwi, na fedha iliyoko katika akaunti ya jamaa ni ya jamaa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulidhani walikuwa wakiwaambia wenye maduka.

Na uchungu zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi. Hakuna sheria inayomkataza ami kumpa mtoto wa nduguye fedha. Angeziweka mapema katika akaunti ya msichana mwenyewe, akaandika barua fupi kwamba ni zawadi na si deni, fedha zikalala siku 28, swala lingekwisha. Fedha zikiwa katika akaunti ya mwombaji mwenyewe, hata haja ya kuthibitisha nani ni mzazi wa nani huondoka. Zikiwa katika akaunti ya mama, itahitajika barua ya mama ya kukubali fedha zake zitumike, na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba yeye ndiye mama. Wakala hakuwaambia hayo. Alichukua shilingi 40,000, akaambatanisha taarifa ya benki ya ami, akatuma.

Tuje kwenye jina. Msichana huyu ni Fatma kwenye cheti cha kuzaliwa na pasipoti, Fatuma kwenye cheti cha KCSE. Marehemu babake ni Abdallah hapa, Abdalla pale. Kwetu hilo si jambo. Mtu anaitwa jina lake, la babake na la babu yake, na kila karani aliyewahi kuketi nyuma ya meza ameliandika alivyolisikia. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Mwanaisha, Mwana Aisha, Aisha. Abdulrahman mara moja ni neno moja, mara nyengine mawili. Fomu nayo inauliza jina la ukoo, ambalo wengi wetu hatuna, kwa hivyo mmoja anaweka jina la babu, mwengine la baba. Afisa aliyeko mbali, mwenye mamia ya maombi mbele yake, haoni Fatma na Fatuma kuwa ni mtu mmoja. Anaona watu wawili, na mmoja hana cheti.

Sisi watu wa Pwani tunajua zaidi ya wengine uzito wa karatasi. Kwa miaka mingi vijana wa Kiislamu na wa jamii za mpakani wameulizwa vyeti vya babu zao ili wapewe kitambulisho ambacho Mkenya mwengine hupata kwa cheti cha kuzaliwa tu. Februari 2025 Rais alitangaza kufuta usaili huo wa ziada, na ni haki kuendelea kuuliza kama agizo hilo linatekelezwa katika kila ofisi. Lakini kudai haki yetu kwa serikali hakutuzuii kupanga yaliyo mikononi mwetu. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu anaweza leo kutazama jina analosajiliwa nalo kwa mtihani na kulilinganisha na cheti cha kuzaliwa. Kosa la herufi moja ni jepesi kulirekebisha kabla ya mtihani. Baada ya hapo linageuka kuwa hati ya kiapo, wakili, hati ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kila hatua ina bei na foleni yake.

Zamani njia yetu ya masomo ya ng'ambo ilikuwa nyengine. Vijana wa Lamu, Malindi na Mombasa walikwenda Madina, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilianzishwa mwaka 1961, au Al-Azhar kule Misri, au Khartoum. Kilichotangulia kilikuwa ni tazkia, barua ya sheikh anayemjua kijana na familia yake. Sheikh alijua kwamba Fatma na Fatuma ni mmoja, na kwamba ami ndiye baba. Njia hizo hazijafungwa zote, ingawa maombi nayo siku hizi hupitia intaneti, na vita vilivyoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani wanafunzi wetu waliokuwa Khartoum. Wengi sasa wanaelekea Uingereza, Kanada, Uturuki, Malaysia na Ujerumani, na huko hakuna sheikh wa kukuelezea. Karatasi zako ndizo tazkia yako.

Pengo hilo la mtu wa kukuelezea ndilo wanaloliziba mawakala. Sitasema wote ni wabaya. Wapo wanaofanya kazi kwa uaminifu, na wapo wanaolipwa na vyuo bila kumtoza mwanafunzi kitu. Lakini mambo matatu wanayofanya baadhi yao lazima yasemwe.

La kwanza ni barua pepe. Tangu tarehe 15 Julai 2025, wanafunzi wengi wanaopewa visa ya Uingereza hawabandikiwi tena karatasi kwenye pasipoti. Visa yao iko kwenye mtandao, katika akaunti inayofunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu. Maana yake ni kwamba anayeshika barua pepe na nywila yako ameshika visa yako. Ukimwachia mwenye saiba atumie anwani yake, umempa ufunguo wa nyumba yako na wewe umebaki nje. Barua pepe ni ya bure. Mtoto afungue yake, kwa simu yake, na nywila aijue yeye.

La pili ni kukodisha salio. Nimesikia kwa masikio yangu, hapa hapa mjini, mtu akimwambia mzazi kwamba kuna "fedha za kuonyesha" zinazoweza kuingizwa katika akaunti kwa mwezi mmoja kisha zikarudishwa na faida juu yake. Kwanza hiyo ni riba, na sihitaji kumfundisha msomaji wa safu hii hukumu yake. Pili ni udanganyifu kwa serikali ya nchi nyengine, na maafisa wana uwezo wa kuuliza benki. Tatu, hata visa ikitoka, fedha zimerudi kwa mwenyewe na mtoto yuko Leicester au Manchester bila nauli ya basi. Lengo la siku 28 lilikuwa kuhakikisha kwamba hatalala njaa.

La tatu ni vyeti na maelezo ya uongo. Wakala akiandika uongo, anayeadhibiwa ni mwombaji, kwa sababu fomu ni yake na tamko la mwisho ni lake. Uingereza inaweza kumfungia mtu miaka 10 kwa udanganyifu. Kanada ni miaka 5. Marekani kizuizi ni cha maisha, isipokuwa mtu apate msamaha maalumu. Na kila fomu ya visa utakayojaza baadaye itakuuliza: umewahi kunyimwa visa na nchi yoyote? Wakala atakuwa amehamia mtaa mwengine.

Wala tusidhani kwamba ofisi kubwa ni kinga. Mpango wa masomo wa Finland uliosimamiwa na Kaunti ya Uasin Gishu ulikuwa na muhuri wa serikali. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi katika akaunti iliyosimamiwa huko, kisha vyuo vikalalamika kwamba karo haijafika. Mwaka 2023 gavana wa zamani na maafisa wengine walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yanayohusu zaidi ya shilingi bilioni 1.1, wakakana. Mahakama itafanya kazi yake. Funzo letu ni kwamba karo ilipwe moja kwa moja kwa chuo, na risiti itoke kwa chuo.

Kuna jambo jengine linalofanya haya yote kuwa ya haraka. Mlango wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani hawezi kumchukua mume, mke au mtoto kwenda naye Uingereza. Ruhusa hiyo imebaki kwa wa utafiti na wachache wengine. Mei 2025 serikali ya nchi hiyo ilitoa waraka wa sera ya uhamiaji uliopendekeza kupunguza muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya shahada kutoka miaka 2 hadi miezi 18. Waraka huo huo ulitaka vyuo vibanwe zaidi. Badala ya kuruhusiwa wanafunzi wao wanyimwe visa hadi asilimia 10, kiwango kishuke hadi asilimia 5. Kanada nayo iliweka kikomo cha vibali vya masomo Januari 2024 na kupandisha fedha za kujikimu kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hadi 20,635, na tangu Septemba 2025 ni 22,895.

Ukiunganisha hayo utaelewa kwa nini vyuo sasa vinahoji, vinadai amana kubwa, na vinataka kuona taarifa ya benki kabla ya kutoa CAS. Kila mwanafunzi anayenyimwa visa kwa uzembe wa karatasi anakiharibia chuo hesabu yake, na chuo kikichoka kitaanza kuwaogopa wanaotoka sehemu fulani. Kwa hivyo kosa la wakala mmoja wa mjini linaweza kumgharimu kijana wa Vanga au Faza ambaye hajawahi hata kumwona.

Mpwa wangu hakukata rufaa. Njia iliyopo, kwa aliye nje ya Uingereza, ni kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 28, na hiyo hufaa pale afisa alipokosea. Hapa aliyekosea alikuwa ni sisi. Aliomba chuo kimhamishie nafasi hadi Januari. Chuo kilikubali, lakini punguzo la karo likapotea. Ami alituma fedha katika akaunti ya msichana mwenyewe. Kufikia wakati wa kuomba tena, kiwango cha kujikimu kilikuwa kimepanda, na pauni 315 zaidi zilihitajika kwa zile zile miezi 9. Jina lilishughulikiwa kwa wakili, kwa safari tatu za ofisini na subira nyingi. Fomu aliijaza mwenyewe mezani kwangu, kwa siku mbili, swali kwa swali. Mimi na diploma yangu ya zamani nilikuwa nikisoma tu nyuma yake. Pale palipouliza kama amewahi kunyimwa visa, aliandika ndiyo, akaeleza kwa nini. Visa ilitoka kabla ya wiki tatu kwisha, alhamdulillahi.

Ninayasema haya si kujisifu, kwa sababu tulilipa ada mbili za visa, mtumishi wa saiba na wakili, na tukapoteza punguzo ambalo lingemtosha chakula cha miezi. Ninayasema kwa sababu hakuna hata moja katika hayo lililohitaji elimu kubwa. Lilihitaji mtu mmoja mwenye subira wa kuyasoma masharti kwenye tovuti ya serikali husika, ambayo ni ya bure, miezi sita kabla. Misikiti yetu ina vijana waliomaliza vyuo na wanashinda barazani. Kamati ya msikiti ikiwapa meza moja na kompyuta mbili Jumamosi moja kwa mwezi, wakague vyeti vya watoto wa mtaa na kuwaonyesha tovuti za kweli, tutakuwa tumewaokoa wazazi wengi kutoka mikononi mwa mawakala. Ufadhili kama Chevening wa Uingereza au ule wa serikali ya Uturuki hauna ada ya kuomba. Anayekutoza "ada ya ufadhili" anakutoza ujinga wako.

Na wewe mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne, usingoje Jumamosi hiyo. Leo baada ya Isha toa cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako na cha mamake, na fomu yake ya kusajiliwa mtihani. Viweke mezani pamoja, uvisome herufi kwa herufi. Ukiona Abdalla mmoja ana "h" na mwengine hana, asubuhi usiende kazini moja kwa moja. Pitia kwanza ofisi ya usajili.